Kidole cha Bibi Harusi

Zaina, mama yangu,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya safari yako ya kesho. Amekuambia habari ya chandarua, ya maji ya kunywa ndani ya boti, ya kwanga, ile mikate ya muhogo, zitakazokaa juu na zitakazokaa chini, na ya wale wanaume wanaojitolea kubeba mizigo ya wasichana bila kuombwa. Mimi sina la kuongeza hapo. Na hata kama ningekuwa nalo, mama yako angelisahihisha.

Ninakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya gari, kiti cha mbele, upande wa usukani, mlango wazi. Jua bado lipo. Wewe na mama yako mmevuka mto kwenda Lubunga kumuaga shangazi yako Mwajuma, na ninamjua dada yangu, hatawaachia mpaka mle mshibe, kwa hiyo nina muda. Nimechukua karatasi zangu za kukatia vipimo. Unisamehe hiyo mistari ya chaki, ni shingo ya kanzu ya mtu.

Acha nianze na jambo lenyewe, maana nikianza kuzunguka nitapotea. Leo mchana, ulipokuwa unaoga, nilifungua boneti ya Bibi Harusi, nikatoa kile kidole cha delco, nikakifunga ndani ya kitambaa, nikakisukuma ndani ya sanduku lako, chini kabisa, ndani ya soksi. Bado kimo humo. Wewe ndiye uliyenifundisha kazi yake: kinazunguka katikati ya delco na kugawa moto, kila bugi inayowasha injini ipate zamu yake, na pasipo hicho gari halikohoi hata kidogo. Kesho asubuhi nilikuwa nimepanga kusema betri imekufa. Tungeita toleka, wewe ungepanda baiskeli moja na sanduku lingepanda nyingine. Ungekikuta kidole huko Matadi siku ya kupanga nguo zako, ungecheka, na ungejua kwamba ni lazima ukirudishe nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Sasa nimekaa hapa, na moyo wangu haujatulia. Ninaandika ili nione kama nitakiacha humo au nitakiondoa kabla hamjarudi.

Hadithi ya gari hili umeisikia vipande vipande, mara kwa mama yako, mara kwa majirani, na kila mmoja anaongeza chumvi yake. Sikiliza na yangu.

Babu yako Saidi alikuwa mshonaji kama mimi, lakini watu walimjua kwa gari. Alilipata likiwa limekwisha kuzeeka kwa mtu mwingine: gari la Kifaransa, refu, rangi ya maziwa, taa za duara. Siku za kawaida lilikaa chini ya paa na hakuna aliyeruhusiwa kuliegemea. Alilitoa kwa harusi tu. Aliwabeba mabibi harusi wa Kiislamu na wa Kikatoliki, mabinti wa jirani na mabinti wa wale watu wa Kivu waliofungua maduka pale sokoni, aliyeomba alipewa. Alikata riboni mwenyewe kwa masalio ya kitambaa, akavaa kanzu nyeupe na koti juu yake, akaendesha polepole hata watoto waliokuwa wakikimbia kandoni wakatangulia mbele. Ndiyo maana mtaa ulilipa jina hilo, Bibi Harusi. Ukiwauliza wanawake wakubwa wa mtaa wetu, Kabondo, walivyoingia kwa waume zao, wengi watakuambia waliingia kwa gari la Papa Saidi.

Halafu vita ikafika mjini. Askari walikuwa wakichukua gari lolote linalowaka. Kila mwenye gari alifanya ujanja wake: mmoja alitoa magurudumu, mwingine alizika injini chini ya migomba. Papa alituita sisi watoto wake watatu. Kabureta alimpa tonton wako Asumani, kaka yetu mkubwa, akaishi nayo Yanonge. Kofia inayofunika delco alimpa Mwajuma. Mimi nilikuwa naondoka kwenda Bengamisa kushona sare za shule, nikapewa hicho kidole, kitu kidogo kuliko kifuniko cha chupa.

Alisema, “Gari ya mutu moja, basoda banaikamata mara moja. Gari ya batu tatu, bataikamatia wapi? Hii itatembea siku mutakutana benyewe.”

Tulicheka. Nilikitia kidole ndani ya kopo langu la vifungo, na kila nilipotafuta kifungo nilikigusa, nikajisikia mtu mzito.

Vita ilipotulia kidogo, Mwajuma akaposwa na kijana wa Lubunga, fundi wa reli. Papa akatuma neno: Bibi Harusi itatoka siku moja tu, kwa ajili ya binti yake, halafu tutaivunja tena vipande. Kila mmoja aje na chake. Asumani alikuja mapema na kabureta yake, imefungwa ndani ya gunia. Kofia ilikuwa nyumbani, kwa Mwajuma mwenyewe. Kilichobaki ni kidole, na kidole kilikuwa mfukoni mwangu.

Mtaa mzima unajua kwamba nilichelewa kwa sababu ya mvua. Mvua ilinyesha, ni kweli. Lori lilizama kwenye matope ya ile barabara, na hiyo pia ni kweli. Lakini jana yake lori lingine lilikuwa limeondoka na nafasi ilikuwepo. Dereva alinipigia honi, akaninyooshea mkono nipande. Nikampungia aende zake.

Nilitaka kufika wa mwisho. Nilikuwa wa katikati maisha yangu yote, si mkubwa kama Asumani, si binti wa pekee kama Mwajuma, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu cha nyumba yetu kisichoweza kwenda bila mimi. Nilikwisha kuiona picha yote: watu wamejaa uani, mtu anasema anakuja yule pale, mimi nashuka na suti niliyojishonea, nafungua boneti mbele ya wote, gari linawaka, vigelegele. Kila niliposhona mkono wa ile suti niliipitia picha hiyo tena. Na sikuwa mtoto, Zaina. Nilikuwa na ndevu.

Nilifika jioni, matope mpaka kiunoni. Bibi harusi alikuwa amekwisha kwenda. Walikuwa wamengoja mpaka watu wa bwana harusi wakaanza kuogopa giza, maana mtoni giza likija mitumbwi haivuki. Mwajuma akavua viatu vyake vyeupe akavishika mkononi, akatembea kwa miguu ndani ya mvua mpaka majini, na wanawake wakamfuata nyuma wakiimba kwa sababu isingewezekana wanyamaze. Uani walibaki watu wachache wanaokusanya viti. Na Papa. Alikuwa amekaa ndani ya gari, hapa hapa nilipokaa mimi sasa, kanzu nyeupe, koti, mikono juu ya usukani. Riboni zote zilikuwa zimefungwa. Gari lilikuwa limekufa na yeye alikuwa amekaa ndani yake tayari kwa safari.

Laiti angenigombeza. Aliniangalia tu, akasema, “Umefika. Chakula iko, kwenda kula.” Kisha akashuka, akaanza kufungua riboni moja moja na kuzikunja.

Hakuliendesha tena. Alijenga ukuta wa matofali mbele ya lile banda, akasema mwizi asije akaona, na akaendelea kushona mpaka Mungu alipomchukua. Kidole nilikirudisha ndani ya kopo la vifungo. Mwajuma alikuja kwenye matanga, alipika, alilia, aliniita kaka mbele ya watu. Lakini kila nilipotaja gari alinijibu kwa sauti tamu kabisa, “Gari gani, kaka? Miye nilikwendaka na miguu.” Na kofia ya delco, aliyovuka nayo, ilibaki Lubunga.

Jibu hilo lilinichoma, nami nikamchukia kwa ajili yake. Nakuambia wazi. Nilipitisha miaka nikieleza watu kwamba dada yangu ana roho ngumu, na wengi waliniitikia, kwa kuwa nilikuwa nikiwashonea nguo nzuri. Kila sikukuu nilimtumia salamu na zawadi kwa mikono ya wengine. Nilituma kila kitu isipokuwa mimi mwenyewe.

Halafu wewe ukamaliza shule ya ufundi. Ulirudi na cheti chako cha électromécanique, ufundi wa umeme na mashine, mikono inatafuta kazi na kazi hakuna. Ukawa unazunguka uani, unatengeneza pasi ya mama yako ambayo haikuwa mbovu. Siku moja uliniambia, “Papa, naangalia tu kidogo nyuma ya ule ukuta.” Jioni ukuta ulikuwa chini na matofali yamepangwa vizuri kandoni. Hapo ndipo nilipojua kwamba ukisema kidogo, nisikuamini.

Gari lilikuwa katika hali ya kusikitisha, na sisemi hivyo ili nikusifu. Panya walikuwa wamezaa ndani ya viti. Nyaya zilikuwa zimetafunwa. Tangi lilikuwa na kutu hata ukilipiga lilitoa vumbi jekundu. Uliwapa watoto wa jirani kazi ya kulivingirisha uani na changarawe na mnyororo ndani yake, na ile kelele niliisikia mpaka kwenye sala. Viti lakini ni vyangu. Hapo hukunipita, na mshono wa nyuma ya kiti unachokalia nimeurudia mara mbili.

Injini ndiyo iliyonivunja moyo. Ilikuwa imegandamana, haizunguki. Nami nikafanya kama ninavyofanya siku zote nikiona aibu, nikataka nguvu. Nilimleta yule jirani mwenye lori, tukafunga kamba, nikamwambia avute mpaka magurudumu yailazimishe. Ukasimama mbele ya lori, mikono kiunoni, mafuta mpaka kwenye nyusi.

“Papa, mukivuta hivi mutavunja bitu ya ndani. Itazunguka kweli, mais itazunguka ikiwa imekufa.”

“Sasa tufanye nini?”

“Tunaitia mafuta, halafu tunangoja.”

“Tunangoja nini?”

“Mafuta ishuke, Papa. Bon, tonton, fungula kamba.”

Na jirani akafungua kamba, akakutii wewe, si mimi. Kila asubuhi ulitoa bugi, ukamimina mafuta kidogo katika kila tundu, ukaishika feni, ile inayozunguka pamoja na injini, kwa mikono miwili, ukajaribu polepole, ukaiacha. Majirani wakawa wanapita na kuuliza kama mgonjwa amekunywa dawa. Mimi nilikuwa nikishona barazani na kukuangalia kwa jicho moja, na nilikuwa nikifikiria Lubunga. Sikuwa nimewahi kungoja kitu namna ile, bila kukisukuma na bila kukiacha. Asubuhi ile feni iliposogea, ulikuja ukanishika mkono ukanipeleka niiguse mwenyewe. Nilirudi kwenye cherehani na sikuona vizuri kazi niliyokuwa nashona.

Kabureta ilitoka Yanonge. Tonton Asumani hayuko tena, lakini mjane wake alikuwa ameihifadhi, ingawa kazi yake ilikuwa kuzuia mlango usipigwe na upepo. Kidole kilitoka kwenye kopo la vifungo. Ikabaki kofia.

Ulisema kofia tunaweza kutafuta ya gari lingine na kuirekebisha. Nilikubali haraka mno, na wewe hukosi kuona kitu kinachokubaliwa haraka mno. Ukauliza kwa nini hatumwombi shangazi. Nikakueleza habari ya mvua. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukafuta mikono yako, ukasema, “Tuvuke kwanza. Akikatala, tutatafuta ingine.”

Ulikuwepo, kwa hiyo unaweza kuniambia nimekosea wapi. Lakini wewe uliona wazee wawili wanaongea. Mimi nataka ujue kilichokuwa ndani.

Nilikuwa nimebeba kitenge kipya, sukari na sabuni. Ndani ya mtumbwi nilikuwa nikipanga maneno, na kila neno lilikuwa na mvua ndani yake. Tulimkuta Mwajuma uani akimenya mihogo. Hakusimama.

“Karibuni. Hiyo kitenge ni ya nani?”

“Ni yako, dada.”

“Juu ya nini? Leo kuko sikukuu?”

“Tulikuja juu ya kofia.”

“Najua. Tangu mutoto alibomola ukuta, batu ya mutumbwi banaleta habari kila siku.” Akatupa kipande cha muhogo ndani ya beseni. “Kaka, nakuuliza. Ile siku, ulichelewa juu ya nini?”

“Si mvua? Lori ilizama.”

“Mvua niliiona, na miye ilininyeshea. Nakuuliza juu ya wewe.”

Nilikutazama. Ulikuwa umeinama unaangalia mikono yako, na niliona aibu kusema mbele yako. Tangu ulipozaliwa nilikuwa nimejishona vizuri machoni pako, na sasa nilitakiwa kufumua. Lakini nilijua pia kwamba nikitaja mvua tena, sitavuka mto huo kwa ajili ya dada yangu mpaka mmoja wetu azikwe.

“Kulikuwa lori ingine,” nikasema. “Ya jana yake. Niliiacha ipite.”

“Juu ya nini?”

“Nilitaka muningoje.”

Kisu kilisimama. “Eti nini?”

“Nilitaka muningoje. Ninyi bote.”

Uliona alivyocheka. Alicheka mpaka kisu kikaanguka, akafunika uso kwa nguo yake, mabega yakawa yanatikisika, na sijui ni wapi kicheko kiliishia na kile kingine kikaanza. Nilikuwa nimesimama pale na sukari yangu mkononi. Alipofunua uso alikuwa amelowa.

“Basi tulikungoja, kaka,” akasema. “Tulikungoja sana.”

Akaingia ndani, akarudi na kofia. Wewe uliichukua, ukaigeuza, ukaipeleka kwenye mwanga, ukasema haina ufa na ndani kunang'aa. Ukamuuliza nani aliisafisha.

“Ni miye. Kila mwaka mbele ya Ramazani natosha bitu yote ya nyumba inje, napangusa. Na hii iko kitu ya nyumba.”

Sijui kama ulinitazama wakati huo. Natumaini hukunitazama. Miaka yote nikisema ana roho ngumu, yeye alikuwa akipangusa kofia ya Papa. Na kitenge alikipokea vilevile.

Gari lilipowaka siku ile lilitoa moshi mweusi na kuku wote wa mtaa wakakimbia. Watu walipiga kelele. Wewe hukupiga. Ulilizima, ukaliwasha tena, ili uhakikishe kwamba si bahati. Nilikupenda sana hapo, nikakaa juu ya tofali nikuangalie. Halafu ukamwita shangazi yako avuke, akaja na viatu vyeupe miguuni, akakaa kiti cha nyuma peke yake kama inavyotakiwa, nawe ukamwendesha kutoka uani kwetu mpaka majini. Mlizimikiwa karibu na soko na watu wasiotujua wakasukuma. Pale ufukoni bwana wake mwenye mvi alikuwa amevuka kumpokea. Alifungua mlango, akamwangalia, akasema, “Bibi harusi, umekawia.”

Mtaa ukasema gari limetengenezwa kwa ajili ya harusi yako. Hata mimi nilianza kupima kitambaa kwa macho. Kumbe ikaja habari ya Matadi, kwamba wanataka fundi wa mashine za bandarini na kwamba fundi huyo ni wewe. Nilifurahi. Nilizunguka kuwaambia watu. Kisha siku nzima nikasukuma sahani pembeni, na mama yako akasema nimechoka maharagwe. Hayakuwa maharagwe, mama. Nilikuwa naogopa. Wewe unakwenda karibu na mwisho wa mto, kule maji yanapoelekea baharini, na mimi nilikuwa nimezoea kuinua macho kutoka kwenye cherehani na kukuona chini ya boneti.

Ndiyo sababu ya kile kidole. Papa alitugawia vipande ili askari wasipate gari. Hakutugawia ili tufungane kamba. Jambo hilo nimelizua mimi. Leo mchana mkono wangu ulipokuwa ndani ya sanduku lako nilijiona baba mwenye mapenzi. Lakini sasa nimeandika habari ya Mwajuma mpaka mwisho na nimeisoma tena, na kesho naiona jinsi ambavyo ingekuwa. Binti mwingine wa nyumba hii angekwenda majini bila gari, gari alilolifufua kwa mikono yake mwenyewe. Kidole kingekuwa tena pale nilipokificha mimi. Na ningekuwa nimesingizia betri, kama nilivyoisingizia mvua. Wewe ungekaa Matadi na kipande cha chuma kinachokuambia kila siku kwamba nyumbani kuna kitu kimesimama kwa ajili yako. Na mimi ningekaa hapa. Tazama nilivyokaa. Nimeangalia mkono wangu wa kushoto, ule usioandika, na uko juu ya usukani.

Nimeacha kuandika kidogo. Sasa nimerudi.

Kidole kiko mahali pake. Nimekiweka kama ulivyonionyesha, nikafunga kofia juu yake, nikawasha. Mara ya kwanza lilikataa, nikafikiri nimeharibu. Mara ya pili likawaka. Nikalizima, nikaliwasha tena. Ukisikia harufu ya moshi kwenye karatasi hizi, ndiyo hiyo.

Kesho utaendesha wewe mwenyewe mpaka bandarini. Mama yako atakaa mbele, mimi nitakaa nyuma na sanduku. Kulirudisha nyumbani ni kazi yangu; ulinifundisha vizuri, ingawa gia ya tatu na mimi bado hatusalimiani. Ijumaa kuna harusi Mangobo, wamekwisha kuliomba, na nimeanza kukata riboni. Litatembea bila wewe, Zaina. Ulilitengeneza litembee.

Kwa hiyo huko Matadi ukikawia, kawia. Kazi ikikushika, acha ikushike. Siku ukikosea mbele ya watu wa huko, na utakosea, usikae na mvua yako muda mrefu kama mimi. Tafuta mtu uliyemkosea ukiwa bado unaweza kucheka naye. Na usirudi hata siku moja kwa sababu hapa kuna kitu hakiwaki bila wewe. Nitaumia, sikufichi. Wiki za kwanza nitainua macho kutoka kwenye cherehani kwa mazoea. Lakini maumivu hayo ni yangu, hayana haja ya kusafiri ndani ya soksi yako. Ndani ya soksi hiyo naitia barua hii.

Nasikia sauti ya mama yako barabarani, anamsifia mtu samaki wake. Nifunge.

Siku utakapokuja, tuma neno au usitume. Hutamkuta mtu amekaa ndani ya gari lililokufa, mikono juu ya usukani. Utakuta banda liko wazi na tupu, na jirani atakuambia Papa yako amempeleka bibi harusi, na unajua ninavyoendesha. Itakubidi uningoje kidogo.

Papa yako,
Amisi